Ukikosea Nitasonya

Katika nyumba ile, mdogo kumsonya mkubwa wake lilikuwa kosa la kofi. Mama ndiye aliyekuwa bingwa wa kusonya, wala mtaani hakuna aliyethubutu kushindana naye: alikuwa na msonyo mrefu, mwembamba, unaoanzia kwenye meno ya mbele na kuishia pale ambapo aliyesonywa anajiona si kitu. Wanawe wawili walirithi pua yake, lakini msonyo aliurithi mmoja tu, yule kitinda mimba, na alikatazwa kuutumia. Mpaka alipougua. Hapo dada yake akampa ruhusa kwa kinywa chake mwenyewe, na laiti angejua ruhusa ile ingempeleka wapi, angeufumba mdomo, ingawa kufumba mdomo haikuwa kazi aliyoizoea.

Dada alikuwa msusi, na watu walimwita Redio. Aliweza kusuka kichwa kizima cha mtu mzima, vile vimistari vyembamba vinavyomaliza mchana kutwa, na ulimi wake usipumzike hata wakati amebana chanuo kwa meno. Wateja walimfuata nusu kwa ajili ya nywele na nusu kwa ajili ya habari. Mdogo wake alitengeneza simu katika kibanda kilichopakana na saluni, naye waliishia kumwita Fundi tu, kwa sababu hakuwahi kusema maneno ya kutosha mtu akapata jina lingine la kumpachika. Mteja alimweleza ubovu wa simu, akamaliza, akangoja jibu, akaondoka bila kujua kama amesikiwa. Akirudi jioni anakuta simu inawaka. Mama alisema Mungu aliwapimia maneno kwa kibaba kimoja, na Redio kwa kuwa alitangulia kuzaliwa akayachota yote.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Fundi alianza kuangusha skrubu. Skrubu za simu ni ndogo kuliko punje ya mchele, kila fundi huangusha, kwa hiyo mwanzoni alilaumu taa, akanunua taa nyingine. Akalaumu bisibisi, akabadilisha bisibisi. Alipoanza kuangusha na kikombe, Redio alimshika mkono akampeleka hospitali, na baada ya kwenda na kurudi kwingi daktari akawaambia ni misuli: itakuwa inalegea mmoja baada ya mwingine, kutoka mikononi kwenda juu.

"Ikifika kwenye misuli ya kuvuta pumzi," daktari alisema taratibu, "hapo hatutakuwa na la kufanya."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alishawaambia watu wengi kwamba simu yao imeingia maji na haitengenezeki, na alijua kwamba anayeyasema hayo hapendi kuulizwa mara mbili.

Sasa, huyu Fundi mpole, ambaye akikuta mende ndani alimfagilia nje asimkanyage, alikuwa na kazi ya pili: alikuwa muuaji. Kwenye runinga, lakini. Alikuwa na gemu moja ndefu, ya dunia ya zamani yenye ngome na minara na mapanga, ambamo mchezaji huchagua awe nani: shujaa wa ngao, mchawi wa moto, au muuaji wa siri. Vijana wengi huchagua shujaa wakaingia mlango wa mbele kwa fujo. Fundi alichagua muuaji. Tena mchezaji akifanikiwa jambo hupewa alama azitie anapotaka, na wanaochagua muuaji huzitia kwenye sumu na makali ya kisu. Fundi alizitia zote kwenye nyayo nyepesi, kupanda kuta na kukaa gizani. Muuaji wake alivaa koti refu la kahawia, na kwa kuwa koti hilo lilifanana na la mjomba wao, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiingia nyumbani kwao ila utamkuta tu amekaa mezani chakula kikipakuliwa, wakampa jina la Mjomba.

Na Fundi alichagua ule ugumu wa mwisho kabisa, ambao mtu wako akifa mara moja, amekufa. Hakuna kurudia. Mashine yenyewe inafuta kila kitu, miaka yote uliyocheza, jina na koti. Mjomba alikuwa hai miaka mingi, akitoka ngome hii akiingia ile, na sasa alibakiza mtu mmoja: Bwana Mkubwa wa ngome ya mwisho, yule aliyewachomea nyumba watu wa kwao Mjomba mwanzoni mwa hadithi.

Siku kidole gumba kilipogoma kubonyeza, Fundi alimwita dada yake.

"Dada, njoo ushike hii pedi."

"Mimi? Mambo ya kuchinja watu nayajulia wapi?"

"Utayajua. Wewe una mikono."

Aliyasema bila uchungu, na ndiyo maana yalimchoma Redio. Akaichukua pedi ya kuchezea, akaigeuzageuza.

"Nataka nimwone yule mzee anaanguka kabla sijaondoka," Fundi alisema. "Na Mjomba asionekane na mtu. Basi. Sitaki kingine."

Redio alikuwa na jibu la kila mtu na kila jambo. Safari hii alivuta kigoda tu.

Kule saluni, msusi hukaa juu na mteja hukaa chini, na Redio alishazoea kuwaona watu kwa utosini. Hapa mambo yalipinduka: yeye chini kwenye kigoda mbele ya runinga, Fundi nyuma yake kwenye kiti cha mikono, amewekewa mito ya kuzuia shingo, akitazama kwa juu ya kichwa cha dada yake. Uso wake Redio hakuuona. Alimsikia tu.

Fundi hakuwa mjinga kumkabidhi Mjomba mara moja. Alimwelekeza dada yake atengeneze mtu wa mazoezi, na mtu huyo akafa. Wakatengeneza mwingine. Redio alicheza kama alivyoongea: alikimbia, alimchoma kila aliyesimama mlangoni, halafu akiwa amezungukwa na mapanga ndipo anauliza, "Sasa niende wapi?"

"Umeua watatu," Fundi alimwambia. "Uliagizwa mmoja."

"Walinizibia njia."

"Muuaji mzuri haui ovyo, dada. Anaua mmoja, anakwenda nyumbani. Hao wengine wana watoto."

"Watoto wa wapi, katuni hizi?"

"Chukulia wanao. Na maiti ikionekana, kengele inalia."

Akafundishwa. Kwamba anayekimbia husikika kabla ya kuonekana. Kwamba adui wa kwanza si mlinzi, ni taa. Kwamba mlinzi naye ni mtu wa mazoea, ana mahali anapopenda kugeukia na mahali anapopenda kukohoa, na huna ruhusa ya kumpita mpaka umjue. Hili la mwisho Redio alilielewa upesi kuliko yote, maana na yeye alijua mteja gani atasinzia akifikiwa kisogoni na yupi ataruka akiguswa sikio. Kubwa kuliko yote Fundi alilirudia mpaka dada yake akawa anamwigiza kwa sauti yake: kabla hujaingia, jua utatokea wapi.

Shida ilibaki moja. Redio hakuweza kucheza kimya. Alimsimulia Mjomba habari za mtaa, alimtukana mlinzi, alimwonea huruma mbwa, na katikati ya maneno yake hatua za mtu anayekuja hazikusikika. Fundi naye pumzi ilishaanza kupungua, na kila neno alilochopoa alililipia kwa kupumzika.

"Maneno yananichosha," alisema siku moja. "Nipe ruhusa nisonye."

"Umsonye nani?"

"Wewe. Ukikosea nitasonya. Ukipatia nitanyamaza."

Redio alicheka mpaka akashika mbavu. "Na Mama akisikia?"

"Atajua nimeutoa wapi."

"Haya, sonya. Ila ukipona nakulipizia yote kwa mpigo."

Fundi hakusema kwamba hatapona, na Redio hakujifanya haelewi. Wakaendelea.

Basi msonyo ukawa ndio mwalimu. Redio akiinuka mapema, msonyo. Akisahau kuzima taa, msonyo. Na kidogo kidogo, mwanamke huyu aliyeishi kwa kelele akaanza kukipenda kile kimya cha nyuma ya kichwa chake. Kilikuwa sifa, na Fundi hakuwa mtu wa kugawa sifa. Siku aliyovuka ua mzima wa ngome bila kusonywa hata mara moja, aliamka kesho yake akamsimulia mteja wa kwanza, mama wa watu aliyekuja kusukwa kwa ajili ya harusi, asielewe hata chembe. Ilifika siku Fundi akasema mtu wa mazoezi apumzike. Akamkabidhi Mjomba.

Mama hakuupenda mchezo huo. "Mtu anaumwa, nyinyi mnaua," alisema kila alipoleta maji. Akisimama mlangoni akaona damu kwenye runinga husonya, na Redio huacha kubonyeza papo hapo akidhani amekosea, maana misonyo ile miwili haikuwa na tofauti. Hapo Fundi hutingishika mabega kwa kicheko kisicho na sauti.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, mvua imetoka kukatika. Redio alifunga saluni mapema kwa sababu wiki hiyo Fundi alikuwa hawezi tena kulala chali, alilala amekaa. Alipoingia chumbani alimkuta ameshafunguliwa runinga, macho yamekaza.

"Leo," Fundi alisema. Neno moja, na likamgharimu.

Mjomba alikuwa mlangoni mwa ukumbi wa mwisho. Katika ujia wa kuingilia, Redio aliinuka kabla mlinzi hajamaliza kugeuka, na msonyo ukaja, dhaifu, mfupi, lakini ukaja. Akarudi nyuma ya nguzo. Akangoja, akapita, akaingia.

Mpango wa Fundi walishauzungumza mara nyingi: kuambaa ukuta nyuma ya mapipa mpaka kwenye kiti cha Bwana Mkubwa. Lakini siku hiyo mlinzi mwenye mbwa alikuja akajiketia juu ya pipa lenyewe, wala hakuonekana mtu mwenye safari. Redio alingoja. Mlinzi akakunja nne. Ndipo Redio akatazama juu, akaiona taa kubwa ya mviringo iliyoning'inizwa kwa mnyororo kutoka darini, mishumaa imewaka juu yake pande zote. Kuruka ndani ya chumba chenye mwanga ni jambo ambalo Fundi hakuliruhusu hata kwa mtu wa mazoezi. Lakini chini ya taa ile palikuwa na giza, na kila aliyewahi kufagia chini ya taa ya chemli analijua giza hilo.

"Nakwenda juu," alinong'ona, akangoja asonywe.

Hakusonywa. Akapanda ukuta, akasimama kwenye boriti. Akangoja tena. Kimya. Akaruka.

Mjomba akaudaka mnyororo. Taa ikayumba kidogo, mlinzi mmoja akainua uso, akautazama moto, akauinamisha. Redio akamshusha Mjomba chini ya taa, akamning'iniza pale gizani. Bwana Mkubwa alikuwa anakula. Alikula, akanywa, akafoka, akasimama, akakaa tena. Zamani Redio angekuwa ameshasoma taarifa ya habari nzima. Sasa hakutoa neno. Alipumua kwa kipimo, na kile kimya cha nyuma yake kilimshika mabega kikamtuliza, naye akajua kwamba hajawahi kucheza hivi maishani mwake na kwamba nduguye anamwona.

Mzee akainuka. Akaja mpaka chini ya taa. Redio akabonyeza mara moja tu. Mjomba akashuka, akamdaka kabla hajagusa sakafu, akamlaza nyuma ya pazia, akatokea kwa dirisha ambalo Redio alilichagua kabla hajaingia. Runinga ikawa nyeusi, na katikati yakaja maneno ya kigeni ambayo Fundi alishamfundisha maana yake: hakuna aliyekuona.

Redio akainyanyua pedi juu kwa mikono miwili.

"Umeona?" alisema, bado anaitazama runinga. "Fundi, umeona lakini?"

Kimya.

"Hata leo husemi? Sifa gani hizi za kunyimana?"

Ndipo akageuka.

Mama alikuja mbio kwa ukelele wa Redio. Alimwona mwanawe, akamgusa shavu, na jambo la kwanza alilofanya baada ya hapo ni kuuchomoa ukutani waya wa runinga na mashine, kama vile chombo kile ndicho kilichokuwa kinamnyonya. Kisha akakaa chini kwenye sakafu.

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Shangazi mtu alimvuta Redio pembeni. "Si ulikuwa naye wewe? Aliacha neno gani?"

"Hakusema, shangazi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Lakini heri yake, hakuondoka peke yake. Aliondoka dada yake yuko pale pale."

Kila mtu alimpa pole hiyo hiyo, na kila pole ilimwingia kama mwiba. Kwamba nduguye angekufa alijua, alishajitayarisha, kama kuna kujitayarisha. Kilichomla ni kile kimya. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema, na hiki mshindo wake ulikuja kwa kuchelewa. Alikirudia kichwani kuanzia msonyo wa kule ujiani: hapa alikuwa hai. Na pale kwenye boriti? Na wakati taa inayumba? Sehemu moja ya kimya kile ilikuwa sifa na sehemu nyingine ilikuwa kifo, na katikati hapakuwa na alama yoyote. Pengine hakuona kitu. Pengine alikuwa anahangaika kupata pumzi ya kumwita, ameshindwa hata kusonya, na yeye dada mtu amempa mgongo, amefurahi, anajiona anasifiwa. Hili la mwisho ndilo lililomwamsha usiku.

Akaishiwa maneno. Alisuka kimya, akajibu ndiyo na hapana. Mwanzoni wateja walimpa nafasi yake, kisha wakaanza kutaniana kwamba Redio imeisha betri, kisha wengine wakahamia kwa wasusi wanaosema. Nyumbani runinga ilifunikwa shuka, na kiti cha Fundi hakuna aliyekikalia. Mama naye hakusema. Alimpakulia binti yake chakula akaenda kula jikoni peke yake, na Redio akaamini kwamba analaumiwa, na kwamba ni haki yake.

Jumapili moja asubuhi Mama alimjia na chanuo mkononi.

"Nisuke," alisema, akakaa kwenye kigoda.

Redio akaketi nyuma yake, juu kidogo, akampasua nywele njia ya kwanza. Mvi zilikuwa zimeongezeka. Alisuka mstari, akasuka wa pili, mpaka upande wa kushoto ulipokaribia kwisha.

"Nilikuja," Mama alisema.

"Ulikuja wapi?"

"Chumbani. Siku ile. Nilileta maji yake."

Vidole vya Redio vikasimama.

"Suka," Mama alisema. "Ukiacha, sitaweza kusema."

Redio akasuka.

"Nilisimama mlangoni. Nikaona kifua chake hakiko sawa, anavuta vipumzi vifupi vifupi. Nikafungua mdomo nikuite. Akanitazama. Unalijua jicho lake. Akanikataza kwa jicho, ninyamaze. Halafu akakuonesha wewe, kwa jicho hilo hilo. Akatabasamu, mwanangu. Nikasema moyoni, waache, wanacheza. Nikayaweka maji chini, nikaenda kuanika tena nguo kwa sababu jua lilikuwa limeshatoka na zilikuwa zimenyeshewa." Akavitazama viganja vyake. "Nguo, mwanangu. Nilikwenda kushika nguo."

Hasira ilimpanda Redio kutoka tumboni mpaka mikononi, na kichwa cha mama yake kilikuwa ndani ya mikono hiyo.

"Ungeniita, Mama."

"Ningekuita."

"Ningegeuka."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa kula na wewe. Nikikutazama naiona siku ile nimesimama mlangoni."

Huyu naye, kumbe, alikuwa na lake. Wote wawili walikuwa wamejifungia kila mmoja chumba chake, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeshikilia ufunguo kwa chuki. Redio alishusha pumzi. Swali moja likamjia, dogo, akaogopa kuliuliza, akaliuliza.

"Uliposimama pale, kwenye runinga kulikuwa na nini?"

"Mimi niangalie runinga?"

"Kumbuka, Mama. Tafadhali."

Mama akafikiri. "Watu wanakula kwenye ukumbi. Na yule wenu mwenye koti kama la mjomba wako, amening'inia chini ya taa kama popo. Nikasema, na huyu naye ataanguka."

Redio akalaza shavu lake juu ya kichwa cha mama yake, upande uliosukwa, akalia. Alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu msiba. Chini ya taa. Basi alikuwa ameona. Aliuona ule mruko ambao hakumfundisha, hakuukataa, na nguvu aliyobakiza hakuitumia kumwita, aliitumia kumnyamazisha Mama. Furaha na uchungu vilimjia pamoja, na hakujua ni kipi anacholilia.

Mama alimngoja atulie. "Na yule mzee aliyekuwa anakula aliishia wapi?"

"Nilimuua. Lakini ulichomoa waya kabla mashine haijahifadhi ushindi. Kwa hiyo bado yuko hai. Mjomba amerudi mlangoni mwa ukumbi."

"Yuko hai?" Mama aligeuza kichwa nusu. "Mwanangu amemngoja vile, halafu yeye bado anakula?"

Akasimama, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. "Twende ukammalize."

Wakaondoa shuka. Redio akauchomeka waya, akavuta kigoda. Nyuma yake alisikia kiti kikilia, akajua Mama amekaa pale ambapo hajakaa mtu. Na Mama, ambaye hakuwa na habari ya mpango wowote wa kunyamaza, aliongea kuanzia mwanzo. Huyo mbwa anauma? Mbona hasalimii watu huyu? Koti zito hivyo kwenye joto la moto ule, haumwi? Siku za mwizi ni arobaini, atakuja kukamatwa huyo. Redio alijibu moja moja, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijisikia anataka kucheka. Akaupita ujia. Akapanda kwenye boriti.

"Sasa anarukia wapi?"

"Tazama."

Akaruka. Taa ikayumba, ikatulia. Na hapo Mama akanyamaza, kwa sababu hata yeye alishikwa.

Kimya kikaingia nyuma ya Redio, kile kile, mahali pale pale. Akajiambia ni Mama. Bwana Mkubwa alikula, akanywa, akafoka. Redio akajiambia tena. Mzee akainuka akiufuta mdomo kwa mkono wa kanzu, akaja akitembea kwa maringo kuelekea chini ya taa, bado hatua chache, na nyuma ya kichwa cha Redio ukapanda msonyo, mrefu, mwembamba, unaoanzia kwenye meno ya mbele.

Redio akageuka.

Aligeuka mwili mzima, pedi ikamporomoka mapajani. Mama alikuwa pale, kiganja shavuni, nywele nusu, anamsonya yule mzee kwa maringo yake. Alikuwa anapumua. Redio alikitazama kifua chake kikipanda na kushuka.

"Nini?" Mama aliuliza.

"Hakuna. Nakutazama tu."

Mbwa akabweka. Kengele ikaanza kulia ukumbi mzima.

"Mwanangu, ameanguka, wamemwona. Geuka, wamemwona!"

Redio hakugeuka. Alisikia viatu, mapanga, sauti nyingi, halafu ule muziki wa taratibu aliousikia kila mara mtu wa mazoezi alipokufa. Mwanga wa runinga usoni mwa Mama ukapungua.

"Amelala chini," Mama alisema. "Koti nalo limefifia. Mrudishe basi, uanze upya."

"Harudi, Mama. Huyu akifa, amekufa."

"Na kazi yote ile ya mdogo wako?"

"Ndiyo imekwisha hivyo."

Mama aliitazama runinga muda mrefu, midomo ameikaza, hasemi. Redio akamshika magoti yote mawili.

"Sema, Mama. Sema chochote. Usinyamaze."

Mama akafikiri, akajipapasa kichwa upande wa kushoto.

"Umenibana sana huku," alisema.